Nnakula sinia moja na watu saba, mazoezi nnaanza naacha: nani wa kunishika?

Bi_Wawi

Assalamu alaykum wapendwa. Mie niko Wawi, Chake Chake, mhasibu serikalini, mama wa watoto wanne, na nakaa na mkwe wangu. Mwezi uliopita nilipimwa sukari asubuhi kabla ya kula, ikaja 6.4. Daktari akanambia bado sijafika 7, kwa hio si mgonjwa, lakini nimeshafika mlangoni. Kuhusu uzito hakusema kitu, alinitazama tu.

Kujua la kufanya najua. Nitembee, nipunguze sukari, nipunguze wali, nile mboga. Hayo nimeyasikia redioni, nimeyasikia hospitali, na nayasikia kwa kila mwenye simu. Ninachoshindwa ni kudumu.

Zamani alfajiri nilikuwa natoka na shoga yangu, tunapanda hadi uwanja wa Gombani na kurudi. Akinigongea dirisha, hata macho hayajafunguka najitupia ushungi natoka. Akahamishiwa kazi Unguja, na miguu yangu ikahamishwa nae. Nikaweka programu ya kuhesabu hatua kwenye simu. Ikawa inanambia "simama utembee" na mie niko kikaoni mbele ya mkurugenzi. Nikaizima. Tukafungua kundi la WhatsApp wanawake wa ofisini, kila mtu atume picha ya sahani yake ya mchana. Mwanzo zilimiminika picha za mchicha, ungedhani ofisi nzima tumekuwa sungura. Kisha zikaja picha za kuku wa harusini, kwa mzaha. Kisha tangazo la madera. Sasa kundi ni la madera tu, na mie nimeshanunua mawili.

Kwenye chakula ndo pabaya zaidi. Nikirudi kazini tunakula pamoja, wanaume sinia lao, sie wanawake na watoto letu, watu saba. Wali wa nazi na mchuzi wa samaki, Ijumaa pilau. Hivi vipimo vya "kikombe kimoja cha wali" mtu anavipimaje na mikono saba imo ndani? Nikijipakulia sahani yangu mbali, mkwe anauliza nani kanikosea. Na ameshanambia wazi: "Ukikonda watu watasema mwanangu hakulishi."

Tafadhalini msinambie "jipende". Nataka kusikia kwa mnaodumu: mmedumu vipi, na nani anakushikeni?

chuma_maisara

Dada hilo jepesi sana. Kata wali, kata mkate, kata sukari. Asubuhi mayai matano, mchana kuku wa kuchemsha na kabichi, chuma mara tano kwa wiki. Mie hapa Maisara hainipiti siku. Nidhamu tu, ukitaka utaweza.

Bi_Wawi

Mdogo wangu, mayai matano kila siku kwa mshahara upi? Na huyo kuku wa kuchemsha nimuwekee mkwe mbele yake? Nambie kwanza, umeoa? Na nani anakupikia?

chuma_maisara

Sijaoa. Mama ndo anapika. Lakini kuku nachemsha mwenyewe wallahi.

Kitambi_Rasmi

Mie mwenzenu kila tarehe 1 Januari, Siku ya Mazoezi, naandamana na vikundi vyote hadi Uwanja wa Amaan, fulana nyeupe, filimbi mdomoni, napigwa na picha. Tarehe 2 naandamana hadi Forodhani, kwenye vyakula vya usiku. Na huko nadumu, sijaona wa kunishinda.

NesiMjini

Wa alaykum salaam Bi Wawi. Mie ni nesi, nafanya kliniki ya sukari na presha hapa Mjini, nitajibu kwa yale nnayoyaona kila wiki.

Kwanza hio 6.4. Kwa kipimo cha kabla ya kula, kuanzia 6.1 hadi 6.9 Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa sukari imepanda lakini si ugonjwa bado. Ikifika 7.0 ndo tunarudia siku nyengine ili kuhakikisha. Kwa hio daktari wako kasema kweli, na mlango huo watu wanarudi nao nyuma. Kuna utafiti mkubwa ulifanywa Marekani kwa watu zaidi ya 3,200 waliokuwa kama wewe, majibu yakatoka 2002. Kundi moja lilitakiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Katika kiasi cha miaka mitatu, walioingia kwenye kisukari kwenye kundi hilo walikuwa pungufu kwa asilimia 58 kuliko wale waliopewa kidonge cha bure kisicho na dawa. Waliopewa metformin, dawa ya kisukari, ilikuwa asilimia 31. Kupunguza uzito na kutembea kulishinda dawa.

Watu wakisimulia utafiti huu hutaja mchicha na kutembea, basi. Kuna jambo hulisahau: kila mmoja kwenye kundi lile alikuwa na mtu wake. Mtu anaekaa nae, anaemjua kwa jina, anaemuuliza wiki hii imekwendaje. Hawakupewa karatasi wakaambiwa nendeni mkajipende. Kwa hio swali lako la "nani wa kunishika" mie silioni kuwa udhaifu hata kidogo, ni sehemu ya dawa.

Kuhusu sukari, anza na chai kabla ya wali, maana kikombe ni chako peke yako, hakina mikono saba. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 4. Wengi wetu tunatia vinne, na tunakunywa vikombe vitatu: gramu 48. Kwa mtu wa kawaida ushauri ni usipindukie 50 kwa siku nzima, na ukiweza ushuke hadi 25. Ina maana chai tu imeshamaliza fungu lako, na hapo kashata bado, juisi ya ukwaju bado. Usikate ghafla. Punguza nusu kijiko, ukae wiki, upunguze tena. Ulimi unazoea, na nyumbani hakuna atakaejua.

Dakika 150 si lazima ziwe Gombani. Dakika kumi kumi zinahesabika, mradi utembee mpaka uweze kuzungumza lakini usiweze kuimba.

Mwalimu_Wete

Binti yangu Bi Wawi, salaam. Mie ni mwalimu mstaafu, nipo Wete. Nitakueleza letu, utachukua linalokufaa.

Hapa mtaani tuko wazee, tukitoka msikitini alfajiri tunateremka hadi bandarini na kupanda tena. Unaijua Wete, kile kilima cha kurudi kinamaliza maneno yote ya siasa. Hatuna kundi la simu. Tuna hodi. Mtu akikosekana, njia yetu inapita mlangoni kwake, na tunapiga hodi sote kwa sauti. Akitoka mkewe akisema "kalala", tunasema "mwambie wazee wamekuja kumtazama, tumesikia mgonjwa". Basi mtaa mzima utaanza kuja kumpa pole. Kesho yake anakuwa wa kwanza barazani. Na anaekosa bila udhuru analipia kahawa ya jioni, chungu, bila kashata.

Wakati wa masika tunazunguka ndani ya varanda ya skuli ya jirani. Tunaonekana vichaa, lakini ni bora kuliko kulala, kwa sababu uvivu wa mvua ukiuruhusu unakaa hadi kiangazi.

Tunatembea kidogo, si mbio. Mtume (SAW) amesema amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu hata ikiwa chache. Nimeisomesha miaka mingi darasani. Nilipopata presha ndo nikaanza kuifanyia kazi.

Bi_Wawi

Mwalimu, shikamoo. Umenichekesha hadi mkwe kauliza nnasoma nini. Lakini hodi yenu ni ya wanaume. Mie alfajiri peke yangu siwezi, kuna giza na mbwa wa huko juu. Nikitoka kazini saa tisa na nusu jua linachoma, nyumbani wananisubiri, na nikichelewa ni maneno. Nani atanipigia hodi mie?

Nesi, la chai nimelikubali. Nimehesabu, natia vitano.

MamaMaandazi

Shoga, mie nakaa Jang'ombe, nauza maandazi na vitumbua, kwa hio usinambie habari za vishawishi, mie vishawishi navikaanga mwenyewe saa kumi za usiku.

Nitakwambia kitu ambacho hawa wenzangu hawajakigusa. Tatizo lako ni chungu, na mwenye chungu ni mkwe. Umezungumza nae kama mtu anaetaka kukonda. Acha hilo. Mkwe ana umri gani? Hana presha? Hana miguu inayovimba? Mie mama mkwe wangu (Mungu amrehemu) alikuwa hasikii neno la mtu juu ya chakula, mpaka alipoambiwa chumvi inampandishia presha. Mie sikumkataza kitu. Nikamwambia "mama, nakupikia wewe dawa". Chumvi ikapungua kwa nyumba nzima, mafuta yakapungua kwa nyumba nzima, na kila mgeni alikuwa anaambiwa "mkwe wangu ananiangalia". Aliitangaza yeye!

Halafu mwambie akufundishe walivyokula wao. Hawa mama zetu wa Pemba wamekulia boga, majimbi, muhogo wa kuchemsha, kunde, kisamvu, dagaa. Wali ulikuwa wa Idi na wageni. Ukimwambia "mama, niteleke vile vya zamani", utamuona anaingia jikoni mwenyewe, na hakuna atakaesema mwanawe hakulishi, maana kapika yeye.

Na kwenye nazi: mchuzi tia tui jepesi, kasimile (lile tui zito) tia kidogo mwisho kwa harufu. Hawatajua. Wateja wangu hawajajua.

NesiMjini

Mama Maandazi umesema la maana, ila nitie neno moja. Muhogo, majimbi na viazi vikuu navyo ni wanga. Nnao wagonjwa wanaacha wali, wanakula sufuria la muhogo wa nazi, na sukari inabaki pale pale. Uzuri wa chakula cha zamani ni zile kunde, choroko, kisamvu na samaki vilivyokuwa vingi pembeni, na jembe lililokuwa mkononi baada ya kula. Kwa hio Bi Wawi, kipande cha muhogo, sawa. Mlima wa muhogo, hapana. Na juu ya kisamvu usimwage nazi mbili.

MamaMaandazi

Haya, nesi kashaniharibia. Kipande.

Mwalimu_Wete

Bi Wawi, nirudi kwenye sinia, maana nimelifikiria jana usiku. Unakumbuka tulivyofundishwa chuoni? Sema bismillahi, kula kwa mkono wa kulia, na kula kilicho mbele yako. Sasa wewe ndie unaepakua. Nani anaepanga kilichokuwa mbele ya kila mtu? Upande wako weka mchicha, kachumbari na kipande cha samaki, wali mwembamba chini yake. Upande wa watoto weka wali unaotosha. Ukila kilicho mbele yako hakuna anaeweza kukwambia umejitenga, na kuvuka kwenda upande wa mwenzio si adabu. Sinia ni lile lile, umoja ni ule ule. Mke wangu kanifanyia hivi muda mrefu bila kunambia, nimegundua juzi nilipomsimulia habari yako akacheka.

Kitambi_Rasmi

Mwalimu, na ukigundua nini kingine ulichofanyiwa utwambie. Mie narudi nyumbani sasa hivi kukagua sinia.

chuma_maisara

Dada Bi Wawi, nimesoma yote, niruhusu nirekebishe la kwanza. Mie ni kweli nafika kila siku, lakini nikijiangalia vizuri, kuna jamaa ananifuata na Vespa saa kumi na moja na nusu jioni, anapiga honi nje, na mama anatoka kunifukuza kwa sababu ya kelele. Bila ile honi sijui.

Kitu chengine, kuna watu wanasema tabia inajengeka kwa siku 21. Si kweli hivyo. Watafiti wa University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, waliwafuatilia watu 96 waliojaribu jambo moja dogo kila siku, kama kutembea baada ya chakula. Wastani ulikuwa siku 66, na tofauti ilikuwa kubwa sana, kuna wa 18 na kuna waliokadiriwa kufika 254. Na kuruka siku moja hakukuwaharibia kitu. Kwa hio ukienda harusini Jumamosi ukala, Jumapili endelea tu, usianze kuhesabu upya kama deni.

Na walikuwa wanafunga jambo lao kwenye kitu ambacho tayari wanakifanya. Wewe tayari unatoka kazini kila siku. Kwani unarudi na nini?

Bi_Wawi

Bodaboda. Ananisubiri nje ya ofisi.

chuma_maisara

Basi akuteremshe njiani, si mlangoni. Nauli ipungue.

MamaMaandazi

Na kila mwezi ile nauli iliyobaki ununue dera la tatu. Kijana, leo umenifurahisha, mama ako akuoze haraka.

Bi_Wawi

Nimechelewa kujibu, tulikuwa na hitma.

Hivi ndo nilivyopanga, na niliyoyakataa pia nitayasema. Kijana wa bodaboda nimemwambia aniteremshe kabla ya kufika kwetu, jua lisiwe kali sana, dakika kumi na tano nakuwa nyumbani. Alidhani nimekasirika nae, ilibidi nimuelezee. Asubuhi nimeiacha, alfajiri ya giza sitaiweza na sitaki kujidanganya tena.

Hodi yangu nimeipata pasipo kutarajia. Binti yangu mkubwa anatoka madrasa jioni, na mwalimu wao amewaambia watoto wasirudi peke yao. Kwa hio nimejitolea kuwafuata, yeye na wenziwe wa mtaani. Nisipofika, watoto watano wamesimama barazani na mama zao wanaulizana. Mwalimu wa Wete, hapo umenifundisha: aibu lazima iwe ya watu, ya simu haitoshi. Na kwenda ni mteremko, kurudi ni mpando, dakika ishirini na kitu nazo zinaingia.

Mkwe nae. Nilifuata ushauri wa Mama Maandazi nikamuuliza kuhusu kunde za zamani. Hakunijibu. Siku ya pili nimerudi kazini nakuta kateleka kunde na majimbi, na kanikalisha ubavuni kwake, na kanambia wao kunde walikuwa hawazitii nazi, nazi ilikuwa ya kuuza. Nilinyamaza kimya nikala. Kuhusu presha sijamgusia, nae anameza vidonge vyake kwa siri na anadhani sijui. Hilo nitaliacha kwanza.

Sinia la Mwalimu nimelijaribu, limefanya kazi siku zote isipokuwa Ijumaa. Pilau haina upande.

Kikombe cha tatu cha chai nimekifuta, vile viwili natia vijiko vitatu na nusu. Vitatu nitafika. Bila sukari kabisa, kijana wa Maisara, nisamehe, sitokwenda.

Nesi, nina suali moja. Nataka nirudie kipimo. Nirudie lini, na kabla yake nifanye nini?

NesiMjini

Mashaallah. Kipimo cha kabla ya kula ukitaka kurudia, subiri miezi mitatu ya huu utaratibu wako, usiende kila wiki ukajitisha. Siku hio usile kitu kwa masaa manane au zaidi, maji ruhusa, chai hapana, hata ya kavu. Wengi wanafunga Jumatatu na Alhamisi na wanakuja mchana wakidhani ndo vizuri zaidi. Njoo asubuhi, ndo tunavyoweza kulinganisha na ile 6.4.

Ukipata pahala wanapopima HbA1c, waombe hio pia. Hio inaonesha sukari ya kiasi cha miezi miwili mitatu nyuma, na ugonjwa huhesabiwa kuanzia asilimia 6.5 (hesabu yake ni nyengine, usiilinganishe na ile 6.4). Nakwambia mapema kwa sababu nnawajua wagonjwa wangu: wanaacha wali siku tatu kabla ya kliniki ili karatasi ipendeze. Kwenye hio haisaidii. Kula kama ulivyokula, na mkwe ukiweza mchukue nae, mwambie unaogopa sindano.

MamaMaandazi

Hahaa, huyu nesi ana mkwe huyu!